Kompyuta ikiungua kwa kuongezewa kasi, nani alipe?

Fundi akifungua kompyuta ya mezani mbele yako, kitu kikubwa utakachokiona ndani ni ubao mpana uliojaa vipande vidogo vidogo vya chuma na plastiki. Mafundi wanauita mazabodi. Katikati ya ubao huo, chini ya feni, kuna prosesa, kipande cha ukubwa wa kiberiti hivi ambacho ndicho kinachofanya hesabu zote. Simu uliyoshika ina vitu hivyo hivyo, ila vimebanwa mahali padogo na huwezi kuvigusa.

Kila prosesa hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa kasi yake. Kwa zaidi ya miaka 25 sasa wamekuwepo watu, hasa wapenzi wa michezo ya kompyuta, wanaoipandisha kasi hiyo kupita mpaka uliowekwa na kiwanda. Wenyewe wanaita ovakloki. Sisi hapa tutasema kuvusha kasi. Ikifanikiwa, mtu anapata nguvu ya mashine ya bei ghali kwa pesa kidogo. Isipofanikiwa, kompyuta inazimika ovyo katikati ya kazi, au prosesa inaungua kabisa.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mwenye kompyuta anamwambia mtengenezaji wa mazabodi: kwenye boksi umeandika kwamba ubao wako unafika kasi hii, mbona haufiki? Mtengenezaji anajibu kwamba alitoa uwezo wa kugeuza, hakumlazimisha mtu kugeuza. Kampuni iliyounda prosesa nayo inasema uharibifu wa namna hiyo haumo kwenye waranti. Mwenye mali anabaki na risiti mkononi na mashine iliyokufa.

Unaweza kudhani huu ni ugomvi wa mbali. Kampuni kubwa za mazabodi, yaani ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock, zote ni za Taiwan. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani zinatoka kwa kampuni mbili za Marekani, Intel na AMD. Lakini kompyuta husafiri. Ile iliyotumika Ulaya au Dubai, ukaikuta Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, imeshapita mikononi mwa mtu usiyemjua, na hujui aliipangia kasi gani. Anayelipa mwishoni mara nyingi ni yule aliyenunua wa mwisho.

Kasi inavushwa vipi?

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Ikisemwa ni ya gigahezi 5, maana yake inapiga mapigo bilioni 5 kwa sekunde moja, na kila pigo linasogeza kazi mbele hatua moja. Ukitaka kazi iishe mapema, unaharakisha mapigo.

Kiwandani, prosesa nyingi hukatwa kutoka kwenye sahani moja ya silikoni, kisha hupimwa moja moja. Hata zile zilizotoka sahani moja hazilingani. Mkulima analijua hili bila kuambiwa: mbegu za mfuko mmoja, shamba moja, mvua moja, lakini kuna bua linalobeba mahindi mawili na jirani yake linabeba moja dogo. Kwa hiyo kiwanda hupanga kasi ambayo hata prosesa dhaifu ya kundi lile itaimudu, na nyingine zote zinabaki na akiba ndani yake. Akiba hiyo ndiyo wavusha kasi wanayoitafuta. Wenyewe husema ni bahati nasibu, na wako sahihi.

Tatizo ni kwamba mapigo ya haraka yanataka umeme wenye msukumo zaidi, yaani volti zaidi, na volti zinaleta joto. Hesabu yake si ya kujumlisha tu. Ukiongeza mapigo kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, umeme unaotumika hauongezeki kwa asilimia 20, bali kwa karibu asilimia 33, kwa sababu volti inajizidisha yenyewe kwa yenyewe. Mwenye mashine ya kusaga aliyewahi kubadilisha puli ili unga utoke haraka anaelewa: foleni inapungua, lakini beringi zinachemka. Ndani ya prosesa hakuna beringi, ila kuna njia za umeme nyembamba mno, na volti nyingi huzila taratibu. Prosesa inaweza kufanya kazi vizuri miezi 6, kisha ikaanza kukosea.

Mazabodi inaingia hapa kwa njia mbili. Kwanza, ndiyo inayopokea umeme wa volti 12 na kuushusha hadi volti moja na kitu inayohitajiwa na prosesa. Sehemu inayofanya kazi hiyo ikiwa imetengenezwa kwa vipuri duni, volti zinayumba prosesa inapobanwa na kazi, na kompyuta inazimika. Pili, ubao una programu yake ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote ukiwasha kompyuta. Inaitwa BIOS. Humo ndimo kasi, volti na kikomo cha umeme vinapopangwa. Aliyeandika BIOS ni mtengenezaji wa mazabodi. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Enzi za kugeuza mwenyewe

Mwezi Agosti 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A. Ilikuwa ya megahezi 300, na bei yake ilikuwa takriban dola 150. Wakati huo huo kampuni hiyo ilikuwa ikiuza Pentium II ya megahezi 450 kwa zaidi ya dola 600. Haikuchukua muda watu wakagundua kwamba Celeron ile, ikiwekwa kwenye mazabodi inayoruhusu, inakubali kukimbia megahezi 450 bila kulalamika. Mapigo yake yalihesabiwa kwa kuzidisha mapigo ya ubao mara nne na nusu. Ubao ukipiga 66, unapata 300. Ukipiga 100, unapata 450. Hakuna uchawi.

Kampuni ya Taiwan iliyoitwa Abit ilijipatia jina kwa ajili hiyo. Mbao zake, hasa BH6, ziliruhusu kubadilisha mapigo kwenye skrini badala ya kuhamisha vipini vidogo kwa koleo. Kwa masharti ya wakati ule, Abit haikuwa na deni kwa mtu. Ilikuuzia ubao wenye mlango. Kuufungua lilikuwa shauri lako. Waliofanikiwa walifurahi, waliounguza walijua walichokuwa wakifanya. Kwa maoni yetu hesabu hiyo ilikuwa ya haki.

Aliyeumia enzi hizo alikuwa mtu mwingine kabisa. Wafanyabiashara wajanja walinunua prosesa za kasi ndogo, wakafuta maandishi, wakachapa kasi kubwa zaidi na kuziuza kwa bei ya juu. Mnunuzi alidhani amenunua 450 kumbe ni 300 iliyovushwa. Intel ikajibu kwa kufunga kizidisho ndani ya prosesa ili kisiguswe. Kumbuka basi kwamba kufuli la kwanza liliwekwa pia kwa sababu ya ulaghai wa dukani.

Uwezo wa kuvusha ukawa bidhaa

Baadaye kampuni ziliona kuna pesa. Tangu 2010 Intel imekuwa ikiuza prosesa zenye herufi K mwishoni mwa jina, zisizofungwa, kwa bei ya juu kidogo. Ili uzivushe unahitaji pia mazabodi ya daraja la Z, nayo ghali kuliko za kawaida. AMD ikawa na utaratibu wake: mbao za daraja la B na X zinaruhusu kuvusha prosesa, za A haziruhusu. Kilichokuwa utundu wa vijana chumbani kikawa na bei na boksi la rangi.

Na hapa, kwa mtazamo wetu, hesabu inabadilika. Ukinilipisha zaidi kwa sababu ya uwezo wa kuvusha kasi, huwezi tena kusema uwezo huo haukuhusu. Angalia boksi la mazabodi ya kisasa: utaona kasi kubwa za memori zimeandikwa kwa namba nene, na pembeni herufi mbili ndogo, OC. Herufi hizo ndizo kinga ya kampuni. Zinasema namba ile nene si ya kawaida bali ni ya kuvushwa, na kuifikia kunategemea prosesa yako, memori yako na bahati yako. Kisheria huenda zinatosha. Kwa mnunuzi wa kawaida, anayeona namba kwanza na herufi baadaye, ni kama muuza mitumba anayekuonyesha upande mzuri wa shati.

Kuna kisa kinachoonyesha jinsi ahadi hizi zilivyo laini. Mwishoni mwa 2015 iligundulika njia ya kuvusha hata prosesa za Intel zilizofungwa, za kizazi kilichoitwa Skylake. ASRock ikatoa BIOS yenye uwezo huo, ikaupa jina Sky OC, ikautangaza. Wako walionunua mbao hizo kwa sababu hiyo tu. Februari 2016, BIOS mpya zilipotoka, uwezo ule haukuwemo tena. Intel haikuwa imewahi kuuruhusu. Aliyenunua alikuwa na hiari mbili: abaki na BIOS ya zamani yenye kasi lakini bila marekebisho ya baadaye, au asasishe na kupoteza kile alicholipia. Kama kuna mahali mtengenezaji wa mazabodi alipaswa kurudisha pesa kwa sababu ya kasi ya kuvushwa, sisi tunaona ni hapo. Prosesa ya mteja haikushindwa. Ahadi ndiyo iliyoondolewa.

Ubao unapogeuza bila kukuambia

Tumekuwa tukizungumza juu ya mtu anayeamua mwenyewe kuvusha. Lakini kwa zaidi ya miaka 10 mbao nyingi zimekuwa zikivusha zenyewe.

Sababu yake ni mashindano. Magazeti na wachambuzi wa kompyuta huchukua mbao tano zinazofanana, huweka prosesa ile ile, kisha hupima ipi ni ya haraka. Kwa kweli zote zingepaswa kutoka sare, kwa kuwa kazi inafanywa na prosesa. Basi mtengenezaji mmoja anaongeza mapigo kidogo tu kwenye mipangilio ya kiwandani, mwingine anaondoa kikomo cha umeme, na ubao wake unaongoza kwenye jedwali. Wengine wanaona na kufuata. Watu wa simu wanaujua mchezo huu: mwaka 2013 Samsung ilibainika kuipa Galaxy S4 kasi ya ziada pale tu inapopimwa na programu za majaribio, na 2018 simu kadhaa za Huawei ziliondolewa kwenye orodha ya vipimo kwa kosa la aina hiyo. Tofauti ni kwamba simu ilirudi kwenye kasi ya kawaida baada ya kupimwa. Mazabodi ilibaki imevushwa mchana na usiku, kwa mtu ambaye hajui hata kwamba kuna kitu kinaitwa kuvusha kasi.

Mwezi Aprili 2023 jambo hilo lilionekana kwa macho. AMD ilikuwa imetoa tu prosesa yake Ryzen 7 7800X3D, na mara zikaanza kuonekana picha za prosesa zilizovimba upande wa chini na kuunguza soketi zilimokaa. Nyingi kati ya picha za mwanzo zilionyesha mbao za ASUS, ingawa si hizo pekee. Chanzo kilikuwa volti. Wateja walikuwa wamewasha kitu kinachoitwa EXPO, mpangilio wa AMD yenyewe unaofanya memori ikimbie kasi iliyoandikwa kwenye boksi la memori. Ni kubonyeza mara moja tu. Mbao zilipopokea amri hiyo zilipandisha volti za sehemu fulani ya prosesa kupita kiasi. AMD ikaweka mpaka: sehemu hiyo isizidi volti 1.3, na watengenezaji wote wakatakiwa kutoa BIOS mpya.

ASUS ilitoa BIOS za dharura, lakini zikiwa na onyo kwamba ni za majaribio na kwamba kuzitumia kungeweza kugharimu waranti. Hebu fikiria: ubao wako unaweza kuunguza prosesa, dawa iko hapa, ukiinywa tusijuane. Wachambuzi walipiga kelele, wa mbele wakiwa Gamers Nexus wa Marekani, waliotenganisha mbao na kupima volti wenyewe. Mei mwaka huo huo ASUS ikabadili msimamo na kutangaza kwamba waranti ya mbao hizo itaheshimiwa hata kwa aliyeweka BIOS ya majaribio na hata kwa aliyewasha EXPO.

AMD nayo ina la kujibu. Masharti yake ya waranti yanasema uharibifu unaotokana na kuvusha kasi haulipwi, hata kama mteja alitumia zana ambazo AMD yenyewe imezitengeneza. Yaani kampuni inakupa kitufe, inakitangaza kwa jina na nembo, kisha kwenye maandishi madogo inasema ukikibonyeza uko peke yako. Sharti la namna hiyo linaweza kupita kwa mtu aliyeingia BIOS na kuandika volti kwa mkono wake. Kwa kitufe kimoja chenye nembo ya kampuni, hatuoni linavyosimama.

Intel na lawama zilizorudi nyumbani

Kisa cha 2024 ni kigumu zaidi, na ndicho kinachofaa kumzuia mtu asikimbilie kulaumu watengenezaji wa mazabodi kwa kila kitu.

Prosesa kubwa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, kama Core i9-13900K na i9-14900K, zilianza kukosea. Michezo ilikatika ghafla. Wengine waliona ujumbe kwamba memori ya video imejaa, wakaenda kununua kadi mpya za picha bure, kumbe mgonjwa alikuwa prosesa. Intel ilikuwa imepanga prosesa hizo zisivute zaidi ya wati 253. Mbao nyingi za bei ya juu zilikuja na kikomo cha wati 4096. Hiyo ni njia ya kusema hakuna kikomo, maana hakuna kompyuta ya nyumbani inayoweza kuvuta umeme huo. Aprili 2024 Intel iliwaandikia washirika wake ikisema mbao zao zilikuwa zikizima kinga za joto na umeme katika mipangilio ya mwanzo. Watengenezaji wakatoa BIOS mpya zenye mipaka ya Intel. Ilionekana kesi imekwisha: wenye hatia ni wa mazabodi.

Haikuwa hivyo. Julai Intel ilikiri kwamba prosesa zenyewe zilikuwa zikiomba volti nyingi kuliko inavyotakiwa, kwa kosa la maagizo yaliyoandikwa ndani yake na Intel. Septemba ilitaja mambo manne yaliyosababisha uharibifu. Moja tu lilihusu mbao kutoa umeme kupita mwongozo. Matatu yalikuwa ndani ya prosesa. Mwezi mmoja kabla, Agosti, Intel ilikuwa imeongeza waranti ya prosesa hizo kwa miaka 2, kutoka miaka 3 hadi 5.

Hata hivyo swali moja linabaki kwa Intel. Kwa miaka mingi iliona mbao zikitoka bila vikomo, zikiwafanya wachambuzi waandike kwamba prosesa zake ni za kasi ya ajabu. Haikulalamika wakati sifa zilikuwa zake.

Basi nani abebe?

Watengenezaji wa mazabodi wana hoja ya kweli, na haifai kuipuuza. Hawajui umepata prosesa ya aina gani kwenye ile bahati nasibu. Hawajui feni yako imejaa vumbi kiasi gani, wala kama chumba chako kina nyuzi joto 22 au 36. Wakilazimishwa kulipa kila mara mtu anaposhindwa kufika kasi aliyoitaka, watafunga kila mlango, na raha ya akina Celeron 300A itakwisha. Kwa kasi ambayo mtu ameitafuta mwenyewe kwa kuingia BIOS na kugeuza namba, sisi hatuoni sababu ya kumdai mtengenezaji.

Lakini kuna mambo yasiyotegemea bahati yoyote. Volti zitoke sawasawa na zilivyoandikwa kwenye skrini. Ubao uheshimu mipaka ya aliyeunda prosesa mpaka mwenye kompyuta aamue vinginevyo. Kitufe chenye jina na nembo kisivuke kiwango cha hatari. Uwezo uliouzwa usiondolewe baadaye bila fidia. Yote haya yako mikononi mwa aliyeandika BIOS na kuchagua vipuri, na yakivunjika ni ya kwake. Chukua mfano wa matatu na gavana ya spidi. Mwenye gari akiichokonoa gavana na gari likapinduka, hatumshtaki aliyeunda gari. Lakini gari likitoka karakana likiwa jipya, gavana imeshalegezwa, na dereva hakuambiwa, swali la nani alaumiwe linajijibu.

Ugumu ni kuthibitisha. Prosesa iliyoungua haisemi aliyegeuza. AMD imejaribu njia moja kwenye prosesa zake kubwa za Threadripper 7000: ndani kuna fyuzi ndogo inayokatika milele mara tu mtu akiwasha uwezo wa kuvusha kasi. Taarifa hiyo ilipotoka Novemba 2023 watu walihamaki, na AMD ikaeleza kwamba kukatika kwa fyuzi peke yake hakufuti waranti; kisicholipwa ni uharibifu uliosababishwa na kuvusha. Kwa hiyo fyuzi inajibu kama kasi iliwahi kuvushwa, haijibu kama ndiyo iliyoua.

Sheria zinafuata polepole. Nchi za Umoja wa Ulaya zinampa mnunuzi haki ya kisheria ya angalau miaka 2 dhidi ya muuzaji bidhaa ikiwa na kasoro, na mwaka 2024 umoja huo ulipitisha sheria mpya ya dhima ya bidhaa inayotamka kwamba programu nayo ni bidhaa. BIOS ni programu. Kwetu, Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na habari anazohitaji ili anufaike nazo, na Tanzania malalamiko ya walaji yana mlango kwenye Tume ya Ushindani. Haki zipo kwenye karatasi. Kwa mtu aliyenunua kompyuta iliyotumika, bila risiti, kwa muuzaji asiye na duka la kudumu, karatasi hizo hazimfikishi mbali.

Ukinunua kompyuta iliyotumika

Mwombe fundi, kabla hujalipa, aingie kwenye BIOS na arudishe mipangilio ya mwanzo. Ni kitufe kimoja na hakifuti mafaili yako. Kasi yoyote iliyovushwa na mwenye mashine wa zamani inaondoka. Kisha atazame tarehe ya BIOS. Kama ni ya zamani kuliko kasoro tulizozieleza, mipangilio ya mwanzo yenyewe ndiyo yenye tatizo, na inabidi isasishwe. Kazi hiyo isifanyike siku umeme unakatikakatika, kwa sababu ukikatika katikati ya kusasisha ubao unaweza usiwake tena.

Ukiambiwa ni Intel ya kizazi cha 13 au 14, hasa i7 au i9 yenye herufi K, muulize muuzaji ina BIOS ya baada ya Septemba 2024. Laptopu za vizazi hivyo Intel inasema hazina tatizo hili. Kisha ipe kazi nzito pale pale dukani, kwa mfano kufungua faili kubwa lililobanwa, mara kadhaa mfululizo. Prosesa iliyochoka mara nyingi hukosea hapo. BIOS mpya huzuia madhara mapya, lakini haiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Muuzaji akikuambia "nitaisasisha itapona", anakupoteza.

Na uombe risiti ya kwanza, ile ya aliyeinunua ikiwa mpya. Prosesa iliyouzwa peke yake kwenye boksi inadaiwa kwa Intel. Iliyokuja ndani ya kompyuta nzima inadaiwa kwa kampuni iliyoiunganisha. Miaka 5 inahesabiwa tangu tarehe ya risiti hiyo. Core i9-14900K iliyonunuliwa kwenye boksi mwezi ilipotoka, Oktoba 2023, ina waranti hadi Oktoba 2028.